Umezoea kurusha droni harusini? Shambani pia kuna kazi

Kama unajua kurusha droni, huenda kazi yako ni harusi na video za wasanii. Sawa, lakini mko wengi. Shambani bado kuna nafasi, ila huko hakuna anayelipia picha kali.

Kazi yenyewe iko hivi. Jani lenye afya hurudisha mwanga mwingi wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Mmea ukianza kuugua au kukosa maji, mwanga huo hupungua, mara nyingi hata kabla jani halijageuka manjano. Kamera maalumu ya droni huunasa, kisha kompyuta inachora ramani ya shamba: hapa poa, pale kuna noma. Mkulima wa ngano Narok atakulipa ukimwonyesha kona ya kunyunyizia dawa na ile ya kuacha. Kwa hivyo jifunze kusoma ramani. Kurusha ndiyo sehemu rahisi, na siku hizi mashine karibu inajirusha.

Kwa shosho mambo ni tofauti. Ekari ni moja, pengine nusu. Droni ya kunyunyizia dawa hubeba tangi zito na betri huisha baada ya dakika chache, kwa hivyo unahitaji betri kadhaa na jenereta papo hapo. Kusafirisha mzigo huo wote kwa ekari moja ni hasara kwako na kwake. Labda majirani wajipange kama chama, unyunyizie mashamba yao yote siku moja.

Wakikataa, mwambie shosho ukweli: simu inatosha. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, hutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo. Unaelekeza kamera kwa jani, basi. Inafanya kazi hata bila data.

Bado unataka droni? Lazima isajiliwe na KCAA, mamlaka ya safari za ndege nchini, nawe uwe umetimiza miaka 18. Kazi ya kulipwa inahitaji leseni ya rubani. Kibali cha kuiingiza nchini kitafute kabla ya kuagiza, usije ukaambiwa imezuiliwa uwanja wa ndege. Na kabla hujalipa karo ya mafunzo, hakikisha shule imeidhinishwa na KCAA, kisha uulize kama wanafunza kunyunyizia dawa ama ni kurusha tu.