Mkono Ulionyooshwa: Namna Protini za Saratani Zinavyotambuana

Aghalabu mwanafunzi akiulizwa jinsi protini mbili zinavyotambuana, hukimbilia mfano wa kufuli na ufunguo. Mfano huo ni mkongwe. Mkemia Mjerumani Emil Fischer aliutumia mwaka wa 1894 alipoeleza utendaji wa vimeng'enya. Makala haya yanadai kwamba kwa protini iitwayo HER2, inayohusishwa na saratani ya matiti, mfano huo unapotosha. Taswira ya kupeana mkono inafaa zaidi.

HER2 ni ya ukoo wa vipokezi vinne, HER1 hadi HER4, vilivyopenya utando wa seli: sehemu moja huchungulia nje, nyingine hubaki ndani. Vile vitatu vingine hukaa vimekunja mkono. Protini ndogo ya ukuaji, tuiite mjumbe, inapofika na kushikana na kipokezi, umbo la kipokezi hicho hubadilika na mkono ukakunjuka. Mkono huo huingia katika kishimo cha kipokezi jirani. Hushikiliwa na nguvu nyingi ndogondogo: chaji chanya na hasi huvutana, na sehemu zinazoyakimbia maji hujificha pamoja. Ndani ya seli, vipokezi hivyo sasa huamshana, na amri ya kugawanyika hutolewa.

HER2, kinyume na wenzake, haina mjumbe wake anayejulikana. Umbo lake lilipofichuliwa mwaka wa 2003, mkono ulikutwa umenyooshwa tayari. Hii ni kufuli gani isiyo na ufunguo? HER3 nayo humpokea mjumbe, lakini uwezo wake wa kuamsha ni hafifu mno. Kila mmoja ana upungufu wake, ilhali jozi yao ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote katika ukoo huo.

Katika saratani 15 hadi 20 hivi kati ya kila 100 za matiti, HER2 huzidi kiasi, na seli moja huweza kubeba hadi milioni 2. Penye msongamano huo, mikono hukutana hata bila mjumbe. Dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998, huishika HER2 karibu na utando. Pertuzumabu, ya mwaka wa 2012, huufunika mkono wenyewe. Kwa kuwa hazigombei mahali pamoja, hutumiwa kwa pamoja.

Hapa pana kazi yetu wanaisimu. Matokeo ya maabara husema HER2 ni "chanya". Katika mazungumzo ya kawaida, jambo chanya ni jambo jema. Mgonjwa aambiwaye hivyo aweza kushukuru kabla hajaelezwa maana yake. "HER2 imezidi" ni maneno mawili tu, na yanasema kile hasa kilichoonekana chini ya hadubini.