Doa Jekundu Katika Picha ya Ubongo: Ramani au Uamuzi?

Mtoto wa Kibukusu anayelelewa Kitale au Bungoma aghalabu huzungumza Lubukusu nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Je, lugha hizo tatu hukaa mahali pamoja ubongoni, au kila moja ina makao yake? Swali kama hili la isimunafsi hutafutiwa majibu kwa picha za MRI. Makala haya yanafafanua kwa nini jibu linaweza kubadilika kabla hata ya takwimu kukokotolewa.

Picha hizo hugawanywa katika vijisehemu mfano wa michemraba, viitwavyo vokseli, kila kimoja aghalabu kikiwa na upana wa milimita 2 au 3. Kinachopimwa humo si fikra yenyewe, bali ni mabadiliko ya oksijeni katika damu. Kwa kuwa vipimo hivyo huyumbayumba na bongo za watu hazifanani, mtafiti huilainisha picha: thamani ya kila vokseli hubadilishwa ikawa wastani wake na wa jirani zake. Upana wa ujirani huo huchaguliwa na mtafiti mwenyewe.

Athari ya uchaguzi huo inaweza kulinganishwa na kuhesabu nyumba kandokando ya barabara itokayo Kitale kuelekea Bungoma. Zikihesabiwa kwa kila kilomita, Kiminini na Kamukuywa hujitokeza kama vilele viwili, na mashamba ya mahindi huonekana katikati. Wastani ukichukuliwa kwa kila kilomita 40, vilele hivyo huyeyuka vikawa mwinuko mmoja. Hakuna nyumba iliyobomolewa. Kipimo tu ndicho kilichobadilika. Vivyo hivyo, madoa mawili ya lugha yaliyo jirani yanaweza kubaki mawili picha ikilainishwa kwa milimita 4, na kuwa moja kwa milimita 10.

Jambo la pili ni kizingiti. Vokseli 100,000 zikipimwa kila moja kwa uwezekano wa kukosea wa asilimia 5, takribani 5,000 zinaweza kuwaka kwa bahati tu. Mwaka 2009, Craig Bennett na wenzake walionyesha kwamba hata samaki aliyekufa huonekana "akifikiri" hesabu zisiporekebishwa. Mwaka 2016, Anders Eklund na wenzake waligundua kwamba baadhi ya mbinu zilizozoeleka zilitoa matokeo ya uongo kwa kiwango cha hadi asilimia 70, badala ya 5. Aidha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, vikundi 70 vilipewa data ile ile. Hakuna viwili vilivyofuata hatua zilizolingana kabisa, na ramani zilizolainika zaidi zilielekea kutoa jibu la "ndiyo".

Hivyo basi, msomi anayetaka kutumia picha hizo kutetea au kupinga ufundishaji kwa lugha ya mama hana budi kuuliza kwanza: picha ililainishwa kwa milimita ngapi, kizingiti kilikuwa kipi, na je, doa hubaki mipangilio ikibadilishwa? Doa linalobaki lina uzito. Lile linalotoweka huenda lilikuwa kazi ya mchoraji wa ramani, wala si ya ubongo wa mtoto.