Barua Iliyofungwa: Amana ya Nyumba Mtandaoni

Wazee wetu walipopeleka barua kwa mkono wa msafiri, waliifunga vyema, kwani siri ya nyumba ni amana. Leo barua zetu hupita katika intaneti. Mama anapolipa karo, au binti anapouliza kuhusu maradhi yake, maneno yao hupitia mitambo mingi kabla ya kufika.

Anwani ya tovuti ikianza kwa http pekee, barua hiyo iko wazi: aliyeunganishwa na waifai moja nasi mkahawani aweza kuisoma, hata kuibadilisha. Ikiwa ni https, maneno hugeuzwa fumbo ambalo tovuti husika pekee ndiyo hulifumbua. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome hutahadharisha kwamba tovuti isiyo na ulinzi huo si salama. Tusilipuuze onyo hilo, hasa tunapoombwa neno la siri au nambari ya kitambulisho.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, bahasha iliyofungwa haithibitishi uaminifu wa anayeipokea. Vyeti vya ulinzi huu hupatikana bure, na matapeli pia huvichukua. Tovuti inayouza safari ya Umra kwa bei ya ajabu yaweza kuwa na https na bado ikawa ya wizi. Basi tulisome jina la tovuti herufi kwa herufi, tuiandike anwani wenyewe badala ya kubonyeza kiungo tulichotumiwa, na tuwafunze watoto wetu vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.