Bei ya Mafuta Isomeke Juani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta nchini Tanzania, vituo hubadilisha namba kwenye mabango yao. Bei hizo zinatakiwa zionekane bayana. Usiku hakuna taabu, maana namba za taa za LED huonekana toka mbali. Kazi ipo saa kumi alasiri, jua likilipiga bango usoni. Hapo 3 huweza kusomeka kama 8.

Namba moja huundwa kwa vipande saba vya taa. Ili itokee 3, vipande vitano huwaka, na viwili vya kushoto huzimwa. Jua likiviangaza vile vilivyozimwa, navyo hung'aa, na dereva aliye kasi hana muda wa kutofautisha.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza nguvu ya taa tu. Kweli, kwa muda mrefu nguvu ndiyo iliyokosekana. LED nyekundu aliyoitengeneza Nick Holonyak huko General Electric, Marekani, mwaka 1962 ilikuwa hafifu. Mwaka 1972 iliuzwa saa ya mkononi ya LED ya Pulsar, ya dhahabu, kwa dola 2,100. Ilibidi kubonyeza kitufe ili namba ziwake, na juani zilisomeka kwa shida. Mambo yalibadilika miaka ya 1990, zilipopatikana LED nyekundu zenye nguvu, kisha mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, akatoa ya bluu yenye mwanga mkali. Mwaka 2014 alipata Nobeli ya fizikia pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano.

Leo bango la nje hutoa niti (kipimo cha mng'ao) 5,000 na zaidi, wakati televisheni nyingi za sebuleni huwa na mia kadhaa. Hata hivyo, jua kali humwaga luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia uso) zipatazo 100,000. Uso wa kijivu unaorudisha asilimia 20 ya mwanga huo hung'aa kwa niti zaidi ya 6,000! Namba ya niti 5,000 juu yake, hata ikijumlishwa na mng'ao huo wa jua, haifikii mara mbili ya mng'ao wa uso wenyewe. Ukipakwa weusi usiometa, unaorudisha asilimia 4, mng'ao hushuka hadi kama niti 1,300, na namba ileile, ikijumlishwa hivyohivyo, huwa karibu mara tano ya uso. Umeme haukuongezwa hata kidogo.

Ndiyo maana mafundi wazuri huhangaikia weusi kwanza. Juu ya kila safu ya taa huweka kikofia chembamba cha kukinga jua. Namba nyekundu hufunikwa kioo chekundu: mwanga wa jua hupungua ukiingia, hupungua tena ukitoka, ilhali mwanga wa LED hukipita mara moja tu. Anayenunua bango aombe lizimwe kwanza, alitazame likiwa limeelekea jua. Likionekana limepauka, asilichukue.

Joto nalo lisisahauliwe. Ndani ya boksi lisilopitisha hewa LED hufifia, na nyekundu huathirika kuliko bluu, kwa hiyo nyuma huwekwa bati la alumini au feni. Giza likiingia, kihisi cha mwanga kinapaswa kupunguza ukali, kwa sababu niti 5,000 usiku humpofusha dereva anayekuja.