Usalama au Ulinzi? Taka za Nyuklia Arua na Koboko

Mfasiri anayetaka kuwaeleza watu wa Arua na Koboko habari za taka za nyuklia hukwama mapema, kwenye neno usalama. Wataalamu hutenganisha mambo mawili: kuwakinga watu na taka, na kuzikinga taka na watu. Kiswahili huyaita yote usalama. Sisi tunapendekeza la pili liitwe ulinzi, kwa kuwa linahusu wezi, makufuli na mipaka. Isitoshe, nchini Uganda ukitaja "watu wa usalama", msikilizaji humfikiria askari kanzu.

Je, West Nile kuna nini cha kuibwa? Uganda haina kinu cha umeme wa nyuklia. Taka zinazohusika ni vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi, kama vile vya mashine za kutibu saratani, au vya vipimo vya wajenzi wa barabara vinavyoonyesha udongo umeshindiliwa kiasi gani. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Baraza la Nishati ya Atomiki livisimamie. Lakini chombo kama hicho kikisahauliwa stoo, machoni pa mwizi ni chuma kizito tu, cha kuuzwa kwa kilo. Na Kongo iko karibu, kupitia Vurra. Sudan Kusini nayo, kupitia Oraba.

Ndivyo ilivyokuwa Goiânia, Brazili, mwaka 1987. Waokota vyuma waling'oa sehemu ya mashine katika kliniki iliyohamwa, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Unga wa seziamu, uliong'aa gizani, ukagawiwa jamaa na marafiki. Watu 4 walikufa. 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Jirani zetu nao wana kisa chao: fito mbili za fueli zilitoweka katika kinu cha utafiti cha Kinshasa miaka ya 1970, na moja ikanaswa Italia mwaka 1998.

Kamusi hutupa mnururisho na unururifu. Yanafaa darasani, ila sokoni Arua, Kiswahili kinapochanganyika na Kilugbara na Kilingala, hayamzuii mtu mwenye nyundo. Mionzi nayo wengi huijua kwa eksrei, jambo la tiba. Mwaka 2007 ilitolewa alama mpya ya kimataifa, kwani ile ya mapanga matatu huweza kudhaniwa feni: pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu na mtu anayekimbia. Hubandikwa ndani ya chombo, ionekane mtu anapoanza kukifungua. Haina maandishi. Tukiombwa ya kuweka chini yake, tungeandika: "Usifungue. Kinaua. Kimbia."