Mume Wangu, Pikipiki Yangu na Siku ya Kwanza Uwanjani

Kuna wanaume wanaoogopa simu ya mke ikiita usiku. Wangu anaogopa ufunguo wa pikipiki. Akiuona tu mezani, sura inabadilika. Na jamani, simlaumu. Mwaka 2014 mdogo wake alipanda bodaboda pale Dar es Salaam, bila helmeti, safari ya dakika kumi tu, na hakurudi. Shemeji yangu alikuwa na miaka 22.

Sasa mwanaume huyo huyo ndiye nilitakiwa nimwambie, tukiwa tunakula wali wetu wa Jumapili hapa Reading, Uingereza, kwamba nataka kuipeleka Suzuki yangu kwenye uwanja wa mbio. Kijiko kilishuka taratibu.

"Mke wangu," akasema, "kwani hiyo ya kwenda nayo kazini haitoshi?"

Kama na wewe una mwenzako ambaye roho inamdunda ukigusa tu kitu unachokipenda, soma hadi mwisho. Hii ni stori ya pikipiki, lakini pia ni stori ya watu wawili.

Si mashindano

Nilianza kwa kumweleza. Huku wana utaratibu mmoja mzuri: kampuni inakodi uwanja wa mbio siku nzima, halafu mtu wa kawaida, mhasibu kama mimi, analipia nafasi na kuja na pikipiki yake. Hakuna kombe wala mshindi. Watu wanagawanywa makundi matatu: wanaoanza, wa kati na wenye kasi. Kila kundi linaingia kwa zamu ya kama dakika 20, mengine yanapumzika. Wote mnaelekea upande mmoja. Hakuna lori linalokujia usoni, hakuna shimo, hakuna mtu anayechomoka uchochoroni.

Hoja yangu ilikuwa moja: hamu ya kukimbia ninayo, na barabarani si mahali pake.

Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akaja na masharti. Moja, kila nati ataikagua yeye. Mbili, siku hiyo na yeye yupo. Tatu, nikichoka, nitasema nimechoka. Hilo la tatu nililiona rahisi kuliko yote. Subiri uone.

Hofu yake niliipa spana

Yangu ni Suzuki SV650, ile ya silinda mbili yenye injini ya cc 645, aina iliyoanza kutoka mwaka 1999. Si kali sana, na kwa anayeanza hilo ni sifa. Usidanganywe kwamba lazima ununue dude la kutisha. Uwanjani, pikipiki uliyoizoea ni bora kuliko yenye nguvu usiyoijua.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe tukahamia gereji. Tulianza na breki. Pedi tukaweka mpya, na mafuta ya breki tukabadilisha yote. Mafuta hayo hunyonya unyevu yakikaa muda mrefu, na breki zikipata moto sana yanaweza kuchemka. Hapo unakamata breki, mkono unaingia wote, chombo hakisimami. Mume wangu aliposikia hivyo alikwenda dukani mwenyewe, mbio.

Tukaja kwenye cheni: isiwe imekaza, isiwe inalegea, na ipate mafuta yake. Matairi tukayakagua ukingo hadi ukingo, maana kwenye kona unalalia ubavu wa tairi, si katikati. Upepo wa kawaida wa SV650 ni psi 33 mbele na 36 nyuma. Uwanjani tairi linapata moto na upepo unapanda, kwa hiyo wengi hupunguza kidogo kabla ya kuingia. Mimi nilimuuliza fundi wa matairi pale pale uwanjani badala ya kubahatisha.

Mwisho tukavua saiti mira, tukabandika gundi ya karatasi juu ya taa ili ukianguka vioo visimwagike njiani, tukaangalia kama kuna mafuta yanayovuja popote. Hata tone moja likidondoka kwenye kona linamwangusha wa nyuma yako.

Kitu nilichokiona gereji sikukitegemea. Yule mtu aliyekuwa hataki hata kuigusa ile pikipiki sasa amelala chini yake na tochi mdomoni. "Hii umekaza? Hebu niione." Kumbe hofu ikikosa kazi inakuwa ugomvi. Ikipewa kazi, inakuwa msaada.

Halafu kichwa

Kukaza nati kuna mwisho wake. Kichwa ndicho chenye shughuli. Usiku wa kuamkia siku ile nilijiahidi mambo machache: sina wa kumshinda, sitaangalia spidi, na kila zamu nitajifunza kitu kimoja tu. Nikala mapema, pombe sikugusa, nikalala. Sema usingizi ulikuja saa nane, si unajua tena.

Brands Hatch

Alfajiri tukapakia pikipiki kwenye gari la kukodi. Nashauri ufanye hivyo kama una uwezo, kwa sababu ikiharibika au ukiumia mkono utarudije nyumbani?

Brands Hatch iko Kent, kusini-mashariki mwa London. Si uwanja mdogo kwa jina: British Grand Prix ya Formula 1 ilifanyika pale mara kadhaa kati ya 1964 na 1986. Sisi tulitumia njia fupi, Indy, kama kilomita 1.9 kwa mzunguko.

Ukifika unaonyesha leseni, unasaini karatasi, pikipiki inapimwa kelele, halafu wote mnaingia darasani. Pale wanaeleza maana ya bendera, namna ya kupita wengine, na namna ya kuashiria kwamba unatoka. Usichelewe darasa hilo. Mwalimu alisema jambo moja nikalibeba: macho yakienda, mwili unafuata. Ukikodolea macho shimo, utaingia shimoni. Angalia unakotaka kwenda.

Mizunguko ya kwanza tulimfuata mwalimu polepole, hakuna kupitana. Zamu ya kwanza mikono ilikuwa imekaza kama mbao. Ya pili nikaanza kupumua, nikatabasamu peke yangu ndani ya helmeti.

Ya tatu ndiyo iliyoniumbua.

Kijana mmoja mwenye pikipiki nyekundu akanipita vizuri tu, kwa nafasi ya kutosha. Sijui kitu gani kilinipanda. Mimi huyu? Nikamfuata. Pale mbele kuna kona ya kulia inaitwa Paddock Hill Bend. Unaiingia kama barabara inakatika, halafu inaporomoka mteremko na tumbo linabaki juu. Niliiingia kwa kasi ya mtu mwingine. Nje ya kona kuna kokoto, na macho yangu yakaganda kwenye zile kokoto. Pikipiki nayo ikaanza kuelekea huko huko.

Nikakumbuka mwalimu. Nikageuza shingo kwa nguvu kuangalia ndani ya kona, nikaacha kubana mikono. Ikageuka. Kati ya tairi na kokoto palibaki pembamba mno. Nikainua mkono, nikatoka.

Mume wangu alikuwa amesimama pale pale kwenye uzio. Akanipa maji.

"Nimekosea," nikamwambia.

"Nimeona." Akanyamaza kidogo. "Ulikuwa unamfukuza nani?"

Sikuwa na jibu. Na nadhani hilo ndilo swali ambalo kila mtu anayekwenda uwanjani mara ya kwanza anatakiwa aondoke nalo nyumbani.

Neno gumu kuliko kona

Mchana nilitulia. Kitu kimoja kila zamu: leo breki mapema, leo macho. Na cha ajabu, nilipoacha kukimbizana, wepesi ukaja wenyewe. Mwalimu akaninyooshea dole gumba.

Ilipofika saa kumi, ikabaki zamu moja. Viganja vinauma, mapaja yanatetemeka. Nimeilipia, jua linawaka, wenzangu wanavaa glavu. Mdomo ulishataka kusema niko fiti. Wazoefu watakwambia watu wengi huanguka mwisho wa siku, mwili umechoka na kichwa kimeshajiona bingwa.

"Nimechoka," nikasema.

Jamani, neno hilo lilikuwa zito kuliko Paddock Hill Bend. Mume wangu akakaa juu ya boksi la spana, akajifuta uso. "Mdogo wangu siku ile aliambiwa asubiri daladala," akasema. "Akasema anawahi." Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisimulia hilo. Tulikaa pale mpaka pikipiki za mwisho zilipotoka, ndipo tukaanza kupakia.

Kabla hujalipia nafasi

Anza na kundi la wanaoanza, hata kama una miaka kumi barabarani.

Soma bima yako. Za barabarani kwa kawaida hazigusi uwanja wa mbio, kwa hiyo chombo kikivunjika ni mfuko wako.

Vaa suti ya ngozi, helmeti nzima isiyowahi kuanguka, glavu na buti zinazofunika kifundo. Huna suti? Uliza kampuni kama inakodisha.

Kunywa maji kila ukitoka. Ukipotelewa na umakini, ingia ndani upumzike.

Na mwenzako mpe kazi ya kweli, si ya kubeba mikoba. Mpe orodha na kalamu. Kitu ambacho hakijawekewa tiki, pikipiki haishuki kwenye gari.

Kwangu, ufunguo bado unakaa pale mezani. Sura ya mume wangu bado inabadilika akiuona, sitakudanganya. Ila juzi aliushika, akaugeuza geuza, akauliza, "Hivi zile pedi zimebaki unene gani?"