Kazi ya Skuli Nyumbani: Ina Faida au ni Mzigo?

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wazazi wa Kiislamu ni ile kazi ambayo mtoto hupewa skuli akaifanye nyumbani. Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni adhabu tu, haimwachii mtoto nafasi ya kupumua. Na wako wasemao kwamba skuli isiyotoa kazi ya nyumbani haifundishi. Sisi walimu wa vyuo hatuwezi kulitazama jambo hili kwa mbali, kwa sababu mtoto anayelemewa na madaftari ya skuli ndiye huyo huyo anayengojewa chuoni alasiri. Na mzigo ukimzidi, kinachotuliwa kwanza huwa ni chuo. Kwa hivyo tumeona yafaa tulipime jambo hili kwa uadilifu.

Na tuanze na asili yake. Kazi ya nyumbani si kitu kigeni kwetu. Tangu zamani mtoto wa chuoni husomeshwa aya zake na mwalimu, akaenda nazo kwao akazikariri, na kesho yake akaja kusikilizwa kabla ya kupewa mpya. Na sababu yake ni wazi. Mtume wetu, rehema na amani za Mwenyezi Mungu zimshukie, ametuusia katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim tuiangalie Qur'ani kwa kuirudia, kwani humponyoka mtu upesi kuliko ngamia anavyoponyoka kambani. Ikiwa hayo yasemwa juu ya Qur'ani Tukufu, itakuwaje hisabu na jiografia?

Wataalamu wa nchi nyingine wamefikia maneno yaliyo karibu na hayo kwa njia yao. Mwaka 1885 Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alitangaza matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima zimebaki ngapi baada ya muda mbalimbali. Aliona kwamba sehemu kubwa humtoka mtu katika saa za mwanzo, kisha usahaulifu ukapungua kasi. Maana yake ni kwamba somo lisilorudiwa mapema ni kama maji yaliyotiwa katika pakacha.

Dawa ya maradhi haya wanavyuoni wetu walikuwa nayo karne nyingi kabla yake. Al-Zarnuji, katika kitabu chake Ta'lim al-Muta'allim, ameeleza kwamba mwanafunzi alirudie somo la jana mara 5, la juzi mara 4, la siku iliyotangulia juzi mara 3, na kushuka hivyo hivyo mpaka mara 1. Na ameeleza pia kwamba somo la mwanafunzi anayeanza liwe dogo, kiasi awezacho kulidhibiti kwa kulirudia mara 2 tu, kisha liongezwe kidogo kidogo.

Basi faida ya kudurusu haina shaka. Walakini kila dawa ina kipimo chake, na kipimo cha mtu mzima humdhuru mtoto. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria, yaani 1111, amelizungumza jambo hili katika Ihya Ulum al-Din. Ameona kuwa mtoto akitoka chuoni yafaa aachwe acheze mchezo mwema, apumzike na taabu ya masomo. Kwani anayezuiwa kucheza na kukalifishwa masomo daima, moyo wake hufa, akili yake hufifia, na mwisho hutafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Na haya hayakusemwa na mtu mvivu wala asiyejali elimu, bali na mmoja wa vigogo wa elimu.

Wachunguzi wa zama zetu nao wameyaona hayo. Mwaka 2006 Harris Cooper wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya uchunguzi uliofanywa nchini humo tangu 1987 hadi 2003. Waliona kwamba kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, kuanzia la 7, wale wanaofanya kazi za nyumbani kwa kawaida hufaulu zaidi. Lakini kwa watoto wa madarasa ya chini uhusiano huo ni dhaifu mno. Na hata kwa wakubwa, kazi ikipita kiasi faida haiongezeki. Kipimo anachokiunga mkono ni dakika 10 kwa kila darasa: wa darasa la 1 dakika 10, wa darasa la 3 dakika 30, wa darasa la 6 saa moja, kwa masomo yote pamoja. Ufaransa nayo, kwa waraka wa Desemba 1956, iliwakataza walimu wa skuli za msingi kuwapa watoto kazi za kuandika nyumbani.

Sasa na tuitazame siku ya mtoto wetu wa pwani. Huamka alfajiri akasali, akaenda skuli, akarudi adhuhuri imekwisha kupita. Hula, akaenda chuoni mpaka karibu na magharibi. Baina ya magharibi na isha ipo saa moja na ziada kidogo, na baada ya isha usingizi humchukua. Ukimpa mtoto wa miaka 8 kurasa 4 za hisabu na insha juu yake, utazitia wapi? Ama atalala usiku mno, ama ataacha chuo. Mzazi amwachishaye mtoto chuo ili amalize madaftari amefanya biashara ya hasara, kwani mtihani hurudiwa, lakini umri wa mtoto kujifunza kusoma Qur'ani kwa wepesi hauregei.

Tena lipo la binti. Katika nyumba nyingi, mvulana akifungua daftari huambiwa, "Soma, mwanangu," na dada yake huitwa jikoni kuosha vyombo na kubembeleza mtoto. Kisha matokeo yakitoka husemwa kwamba yeye hana akili. Huu si uadilifu. Kusaidia nyumbani ni adabu njema, lakini na igawanywe, na binti naye apate saa yake ya kusoma iliyo haki yake.

Jambo jingine ni kujua kazi hii ni ya nani. Imesimuliwa kwamba al-Ghazali katika ujana wake alipokuwa akirejea Tus kutoka Jurjan, wanyang'anyi waliteka msafara wakachukua kila kitu. Akamwomba mkubwa wao amrudishie daftari zake tu, kwani ndimo ilimokuwa elimu yake. Yule mwizi akacheka: vipi adai kuijua elimu ambayo mtu aweza kumpokonya? Akamrudishia, naye alipofika kwao alikaa miaka 3 akiyahifadhi yote aliyokuwa ameyaandika. Wallahi mwizi yule alikuwa mwalimu. Mtoto aliyeandikiwa jawabu na kaka yake, au aliyezinakili katika simu, daftari lake limejaa nalo bongo lake ni tupu. Akiulizwa darasani ananyamaza. Afadhali jawabu mbovu aliyoitafuta mwenyewe, kwani mwalimu ataiona akamwongoza.

Ndugu wazazi, msiseme, "Sisi hatukusoma skuli, tutasaidia nini?" Mama asiyejua hata herufi moja ya Kizungu aweza kumwambia mwanawe, "Nieleze leo mmesoma nini," na mtoto akieleza huwa amekwisha kudurusu. Mtengeeni mahali penye mwanga, zimeni televisheni, wekeni saa moja isiyobadilika, na muda ukiisha mwacheni akalale. Mwenyezi Mungu hupenda zaidi amali inayodumu hata ikiwa ndogo.

Na enyi walimu, wa skuli na wa chuo, neno hili ni letu sote. Tusimpe mtoto nyumbani kazi ya lile tusilomfundisha darasani. Tusitoe kazi tusiyoisahihisha, kwani mtoto akiona haisomwi hujifunza hadaa. Tusiifanye kazi ya nyumbani kuwa adhabu, asije akachukia kitabu kama achukiavyo bakora. Na wa skuli na wa chuo katika mtaa mmoja washauriane, kila mmoja ajue mwenzake ametoa kiasi gani, kwani mtoto ni mmoja na kichwa ni kimoja. Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23. Nasi twataka mtoto ajue kila kitu usiku mmoja?

Hukumu yetu basi ni hii: kazi ya nyumbani yafaa ikiwa chache, ikiwa yarudia lililofundishwa, ikiwa mtoto aifanya mwenyewe, na ikiwa haimnyang'anyi chuo, mchezo wala usingizi. Ikikosa hayo ni wino na karatasi zilizopotea. Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atuwafikishe sisi wachunga tuitunze amana hii. Amin.